Mtama badala ya mahindi kwa nguruwe wanaokua: inawezekana kabisa

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuondoa mahindi yote kwenye chakula cha nguruwe wako wa kilo 25 hadi 30, maana mahindi yamepanda bei na huko Nzega mtama umejaa sokoni. Ondoa. Mimi nafugia hapa Tabora, na mahindi yakipanda nguruwe wangu nawawekea mtama mahali pa mahindi na wanakua vizuri. Kwa nguvu mtama hauachwi mbali, unafika kama asilimia 95 ya mahindi.

Ila siyo kila mtama. Tafuta mweupe, kama mbegu ya Macia. Ule mwekundu mchungu, ambao watu wanaupanda kwa sababu kwelea kwelea hawaupendi, una tanini, kemikali ya ukakasi iliyo kwenye punje. Tanini inashikana na protini tumboni, nguruwe anakula na kushiba lakini uzito haupandi. Rangi peke yake haitoshi kukuhakikishia, maana upo mwekundu usio na tanini. Kabla ya kulipia gunia, tafuna punje chache. Mdomo ukikauka na ulimi ukawa mzito kama umetafuna ndizi mbichi, huo waachie wapika pombe.

Kusaga ndiko kunakosahaulika. Punje ya mtama ni ndogo na ngumu, chekeche la kuparazia mahindi linaipitisha nzima nzima. Mwambie mwenye mashine aweke chekeche dogo, na usiondoke, chota unga wa kwanza uusugue kiganjani. Baada ya siku mbili angalia kinyesi bandani: ukiona punje zimetoka zilivyoingia, hela yako iko pale chini. Lakini usisage ukawa vumbi, unga laini mno unaleta vidonda vya tumbo. Mimi chakula nakilowesha maji kidogo kabla ya kumwaga kwenye hori.

Sasa protini, na hapa nakuomba usibane matumizi. Mtama kama mahindi una upungufu wa laisini, sehemu ya protini ambayo nguruwe anaihitaji ili akue, kwa hiyo mtama na pumba tu havikuzi nguruwe. Kwa kilo 100 mimi nachanganya mtama 60, pumba za mahindi 12, mashudu ya alizeti 12, soya iliyokaangwa 10, dagaa waliosagwa 4, mifupa na chokaa kilo moja na nusu, chumvi nusu kilo. Inakupa protini kama asilimia 16. Juu yake weka mchanganyiko wa vitamini na madini wa dukani kwa kipimo cha kwenye mfuko. Soya lazima ikaangwe, mbichi inazuia protini isimeng'enywe. Dagaa wa Kigoma wanafaa sana, ila waondoe wiki chache kabla ya kuchinja, nyama isije ikanuka samaki; hapo ongeza soya.

Mtama wenye ukungu usiuchukue hata ukipewa bure. Na usibadilishe ghafla, changanya na mahindi, ukiongeza mtama kidogo kidogo kwa muda wa wiki hivi.

Kuhusu bei, zidisha bei ya kilo ya mahindi kwa 0.95. Mahindi yakiwa shilingi 1,000, mtama unalipa ukiwa chini ya 950, na gharama ya kusaga iwe humo ndani. Weka hapa bei za huko kwenu, na useme mashudu unayapata kwa shilingi ngapi, tukupigie hesabu ya gunia zima.