Gari hufuata njia, halifuatilii

SWALI: Nasomea uhandisi. Katika ripoti ya mradi wetu wa gari linalojiendesha nimeandika "mfumo wa kufuatilia njia". Mwenzangu anasema ni "kufuata njia". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Mwenzako. Na afadhali umeuliza, maana hili "fuatilia" limenichosha. Hapa Nairobi ni kama hakuna tena anayefuata kitu. Mgeni wa harusi anaelekezwa "afuatilie mishale", mgonjwa "afuatilie maagizo ya daktari", abiria "afuatilie barabara hii mpaka mzunguko". Kwani barabara imeshukiwa wizi?

Tazama umbo: fuata, fuatia, fuatilia. Kauli ya kutendea imerudiwa, na kazi imeongezeka. Afuataye huandama kilicho mbele yake. Afuatiliaye huchunguza, huuliza, hurudi tena kesho, kama mtu ambaye faili lake limekwama ofisini. Wahenga walisema "Fuata nyuki ule asali." Sema "fuatilia nyuki" uone: utajua ametoka saa ngapi, ametua ua gani, amerudi mara ngapi, daftari litajaa, na asali watakuwa wameila wenzako waliomfuata tu mpaka mzingani.

Sasa gari lako. Limekwisha kupewa njia. Kazi yake ni kutoiacha. Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford lililoshinda mwaka 2005 mbio za jangwani za magari yanayojiendesha, zilizoandaliwa na DARPA (shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani), lilipima magurudumu ya mbele yameiacha njia kwa umbali gani na mwelekeo wake umepishana na njia kwa pembe gani, kisha likazungusha usukani. Hapo pana uchunguzi gani? Ni kufuata.

Iko mbinu nyingine: gari huteua nukta mbele yake juu ya njia, hupinda kuielekea, nayo nukta husogea. Ikiwa karibu mno, gari huyumba kama mwanafunzi wa udereva anayekodolea boneti. Ikiwa mbali mno, hupita kona kwa mkato. Hapo nakubali neno kali zaidi: gari hufukuzia nukta ili lifuate njia.

Baada ya majaribio, gari likiwa limetoka nje ya mstari kwenye kona, mtaketi na rekodi zake kutafuta sababu. Huko ndiko kufuatilia. Liandike katika sura hiyo. Kwenye kichwa cha ripoti, lifute.