Muwasho ukikata, usiache kupaka

Masika yakishika huku Moshi, kila nyumba ina mtu anayejikuna. Wanaolima mpunga Mabogini wanashinda majini na gambuti, watoto wanarudi shule na soksi mbichi, nguo zinavaliwa hazijakauka vizuri. Fangasi wanapenda joto na unyevu. Kwetu wameshapita kwangu, kwa wanangu na kwa shemeji, na krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 imetutoa. Ni ya bei nafuu na karibu kila duka la dawa wanayo. Kazi iko kwenye kupaka.

Osha kwa maji na sabuni, halafu kausha. Hapo kwenye kukausha ndipo wengi wanaruka. Tazama kati ya kidole cha nne na kile kidogo cha mguu: ngozi imekuwa nyeupe, imelainika, na ukitanua vidole unaona imechanika. Pitisha kitambaa kikavu mpaka ndani kabisa, acha mguu upate hewa, ndipo upake. Chukua krimu kidogo, tandaza, sugua taratibu mpaka ipotee. Kama ni choa cha duara, chenye ukingo ulioinuka na katikati pameanza kusafika, ukingo ndio wa kushughulikia, maana fangasi wako hai pale na wanasogea nje. Vuka ukingo kama sentimita 2, upake hata ngozi inayoonekana nzima. Fanya hivyo mara 2 au 3 kwa siku, kisha nawa mikono.

Muwasho hukata mapema, na tyubu inasahaulika dirishani. Shemeji alikuwa akiacha hapo, na kila msimu wa mpunga fangasi wakamrudia palepale. Endelea wiki 2 baada ya ngozi kuwa safi, hata kama huoni tena cha kupaka.

Na hili nawaomba sana: kabla ya kulipa, soma boksi. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo krimu ina steroidi. Itatuliza muwasho upesi na utaisifu, huku kinga ya ngozi imelala na fangasi wanatambaa chini kwa chini. Baadaye lile duara linapoteza umbo, hata daktari anapata tabu kulitambua. Kinenani na mapajani ngozi inakuwa nyembamba na kuachwa na michirizi isiyofutika. Nimeiona kwa binti wa jirani aliyeuziwa krimu ya namna hiyo bila kuulizwa swali hata moja, na mpaka leo inaniuma.

Mapunye ya kichwani msihangaike nayo kwa krimu. Fangasi wameingia ndani ya unywele, dawa ya kupaka haiwafikii. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa na kwa maelekezo ya daktari. Mwenye kisukari naye, au mtu aliyepaka wiki 4 bila nafuu, aende hospitali. Hapa kwetu tuna bahati: pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi tangu 1992. Wanakwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa darubini, unajua unachotibu.

Nyumbani, kila mtu awe na taulo lake. Soksi na kanga zianikwe juani, na viatu vya mitumba vya soko la Memorial vipigwe jua kabla ya kuvaliwa.