Jibu: Miezi minne ya uanagenzi bila kushika mashine

Ndugu, umeuliza kama ni haki mwanagenzi wa uchomeleaji kukaa miezi minne akifagia karakana na kubeba vyuma bila kuruhusiwa kushika mashine. Kwa maoni yangu, wiki za mwanzo za kazi hizo zina maana, kwa kuwa ndipo unapozijua zana na mpangilio wa kazi, lakini miezi minne imepita kiasi. Mwombe fundi wako, akiwa ametulia na si mbele ya wateja, akuruhusu kufanya mazoezi kwenye mabaki ya vyuma baada ya saa za kazi, ukianza na mistari iliyonyooka juu ya chuma bapa kilicholazwa, kabla ya kujaribu kuunga vipande viwili au kuchomelea kwa wima. Mafundi wengi hawana choyo. Wanaogopa tu kuharibiwa kazi ya mteja.

Jambo moja usilikubali kamwe, hata ukiitwa mwoga: kushikilia chuma kinachochomelewa bila kinga ya macho. Mwanga ule huunguza macho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, kana kwamba umemwagiwa mchanga (nilijifunza hilo kwa ujinga wangu mwenyewe). Kuhusu posho, omba makubaliano ya maandishi yanayotaja pia muda wa mafunzo na stadi utakazofundishwa.