Spika za chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba kimoja Mwanga, futi kumi kwa kumi na mbili, juu mabati matupu bila silingi bodi. Nina amplifaya ndogo ya volti 12 ninayoiendesha kwa betri ya sola. Jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari napenda kusikiliza bendi za zamani: Kiko Kids, Nyanyembe, Tabora Jazz. Spika zangu zimeungua. Nimeona pea mbili, bei inakaribiana. Moja ni mpya, visanduku vidogo vya kupendeza, imeandikwa wati 100, omu 4, desibeli 86 kwa volti 2.83. Nyingine ni mtumba, maboksi ya mbao yenye koni ya inchi 8, wati 40, omu 8, desibeli 90 kwa wati 1. Muuzaji ananisukumia za wati 100, anasema ndizo zenye nguvu. Nichukue zipi?
Mwalimu, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba mwalimu. Chukua za mbao, ila usitoe hela kabla hujazikagua kama nitakavyokueleza.

Wati zilizoandikwa nyuma ya spika zinakuambia itavumilia kiasi gani kabla koili yake, yaani waya uliosokotwa ndani, haijaungua, basi. Nguvu inatoka kwenye amplifaya, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaishia kuwa joto tu. Hata spika ya desibeli 90, ambayo mafundi tunaiita nyepesi, yaani rahisi kuendeshwa, inageuza chini ya asilimia 1 ya umeme kuwa sauti.

Namba ya kusoma ni ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Inapimwa kwa kuipa spika wati 1 na kusikiliza ukiwa mita 1 mbele yake. Spika ikipungukiwa desibeli 3, amplifaya inabidi itoe nguvu mara mbili ili sauti ilingane. Na hapo kuna mtego ambao wengi hawauoni. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1, lakini kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo zile 86 za visanduku vyako, ukizipima kwa wati 1 kama wenzao, ni 83. Tofauti ni desibeli 7, yaani vinataka umeme mara tano.

Amplifaya ya volti 12 kama yako haizidi wati 9 safi kila upande kwenye omu 8, hata kama ganda lake limeandikwa 50. Kwenye omu 4 inaweza kukaribia 18, lakini kwa kuvuta mkondo mara mbili kutoka kwenye betri na kupata moto. Usiku uliotulia, pea zote mbili zitakutosha. Sasa fikiria Januari, mvua ya Kigoma inashuka juu ya mabati hayo, nawe unapandisha sauti ili umsikie mwimbaji. Mahali ambapo pigo la ngoma lilihitaji wati 1 kwenye za mbao, lilihitaji 5 kwenye visanduku. Ongeza desibeli 9, ambazo mvua inakulazimisha kuziongeza bila hata kufikiri: za mbao zinataka wati 8, unazo. Visanduku vinataka 40, na huna pa kuzitoa.

Hukusema ni kipi kilichoungua kwenye spika zako za zamani. Kama ni twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, peke yake na koni kubwa bado nzima, nina wasiwasi na mkono wako kwenye kitufe cha sauti. Amplifaya ikikamuliwa kupita uwezo wake inakata vichwa vya mawimbi, sauti inaanza kukwaruza, na twita ndiyo inayoumia kwanza. Spika nyingi zinazoletwa mezani kwangu hapa Tabora zimeunguzwa na amplifaya ndogo iliyokamuliwa. Ukisikia mkwaruzo, rudisha sauti chini saa hiyo hiyo.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua visanduku vya omu 4 kwa ajili ya chumba changu. Wimbo wa tatu, amplifaya ilikuwa haishikiki kwa moto, ikazima. Nikalaumu amplifaya, nikabadilisha, na ya pili ikazima vilevile. Hela ya mwezi mzima ilipotea kabla sijaweka mita ya kupimia omu kwenye spika na kujua kuwa tatizo ni hizo omu 4. Sitaki ikutokee.

Visanduku vidogo vina sababu ya kuwa vizito kuendeshwa. Anton Hofmann wa Marekani, ambaye herufi yake ndiyo H katika jina la kampuni ya spika ya KLH, alieleza kanuni ambayo watengenezaji bado wanaifuata: boksi dogo, bezi ya chini, na wepesi wa kuendeshwa, unapata viwili tu kati ya vitatu. Wewe una nafasi ya maboksi, basi chukua wepesi. Hata bezi hutaikosa sana: kuta zako zenye umbali wa mita 3 zinainua zenyewe sauti nene za bezi, za karibu na hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde). Ndiyo maana usiziweke spika pembeni kabisa, zitavuma. Ziache zitoke ukutani kiasi cha shubiri mbili, twita zikikaribia usawa wa masikio yako ukiwa umekaa.

Ukaguzi sasa. Nenda dukani na amplifaya yako. Weka mita kwenye spika: ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Ikisoma karibu 3.5 ni ya omu 4 hata kama imeandikwa vingine, na isiposoma kitu, imekatika. Gusa nyaya kwa betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwenye chanya, koni iruke mbele. Isukume koni taratibu kwa vidole vyote. Ukihisi inakwaruza ndani, iache. Angalia ukingo wake: mpira ni mzuri, lakini sponji ya zamani hubomoka kama mkate mkavu. Kisha piga wimbo unaoujua, usipungue dakika ishirini, ukiwa na mkono juu ya amplifaya.

SWALI: Kaka, habari za kazi. Sabufa ninayotaka kuweka mgahawani imeandikwa PMPO wati 3000. Haitanimalizia umeme?
Mama wa mgahawa, Isevya, Tabora

JIBU: Nzuri dada. Hiyo 3000 ya PMPO, yaani kilele cha nguvu cha kitambo kidogo tu, ni ya kuuzia. Soma kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa inakula wati ngapi za umeme. Kama ni 35, haiwezi kutoa zaidi ya hizo, na umeme wa kutwa nzima utakuwa mdogo kuliko wa jagi la kuchemshia maji kwa nusu saa. Isikilize tu kama sauti ya mtangazaji inaeleweka wateja wakiwa wanaongea.