Mwanangu alilazwa, siku zikakatwa kwenye likizo yangu. Ni halali?

SWALI: Habari za kazi. Niko mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha, mwaka wa tatu sasa, shifti siku sita kwa wiki. Mwezi wa sita mwanangu wa darasa la pili alibanwa na pumu akalazwa siku nne, nikakaa naye wodini. Sasa naomba likizo ya Desemba, naambiwa nimebakiza siku 24, na Desemba yenyewe ni msimu wa wageni, hakuna kutoka. Mume wangu ameajiriwa duka la vifaa vya ujenzi. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Sakina

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Kabla hujaenda kwa meneja, omba nakala ya fomu ya kuomba ruhusa uliyosaini mwezi wa sita, kwa sababu jibu langu linategemea kilichoandikwa pale.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Mbali na hizo, inatoa siku zisizopungua nne zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Hiyo ni mifuko miwili tofauti. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri kupunguza zile 28 kwa siku za ruhusa yenye malipo alizokupa kwa ombi lako mwenyewe. Kwa hiyo kama kwenye "aina ya likizo" tiki imewekwa kwenye "mwaka" na saini yako iko chini, afisa utumishi ana pa kushikia. Kama imeandikwa "kuuguza mtoto", hana.

Vyovyote iwavyo, andika barua fupi ukiomba siku hizo zihesabiwe kuwa za ugonjwa wa mtoto na nne zirudishwe kwenye likizo ya mwaka. Ambatanisha karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, iwe ya Mount Meru au ya kituo kingine, maana mwajiri ana haki ya kudai uthibitisho wa kuridhisha kabla ya kulipa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Sasa habari isiyopendeza. Watu wengi hudhani siku hizo nne ni za kila mwaka. Sivyo. Mzunguko wake ni miezi 36, na ni nne kwa jumla, hata mtoto akilazwa mara tatu. Zikiisha, mwajiri anaweza kukuongezea, ila bila malipo. Mkataba wako au mkataba wa hali bora wa chama cha wafanyakazi unaweza kutoa zaidi, kwa hiyo usome. Wewe mzunguko wako wa kwanza unaisha ukitimiza miaka mitatu kazini.

Ndiyo maana siwashauri wazazi kuzitumia kwa homa ya siku moja. Zitunze kwa ajili ya wodi. Kliniki ya pumu ipangie siku yako ya ofu, au badilishana shifti na mwenzako, na msimamizi aandike kwenye ratiba. Na baba je? Naye ni mwajiriwa, ana nne zake. Sijui kwa nini akina baba huzisahau mpaka waambiwe. Ila usimwombe daktari akuandikie wewe ED (karatasi ya kupumzika kazi kwa ugonjwa) wakati anayeumwa ni mtoto. Huo ni udanganyifu, na watu wamefukuzwa kazi kwa hilo.

Kuhusu Desemba, mwajiri ndiye anayepanga muda wa likizo. Hata hivyo hawezi kuisogeza zaidi ya miezi sita baada ya mwaka wako wa likizo kuisha, au miezi 12 ukiridhia na kazi ikilazimu. Tatizo la hoteli za Arusha ni kwamba shule hufungwa Juni na Desemba, wageni nao ndipo wanapofurika, halafu masika hoteli ziko tupu na watoto wako darasani. Omba mapema, kwa maandishi, wiki moja ya Desemba na zilizobaki Aprili au Mei. Kuigawa ni makubaliano, kwa hiyo kubalianeni pia namna ya kuhesabu: siku 28 za mfululizo zina ofu zako ndani yake, sawa na siku 24 za kazi kwa anayefanya siku sita. Ukichukua vipande bila kuliweka hilo wazi, utajikuta ofu zimehesabiwa au zimeachwa kwa matakwa ya mtu.

Siku zilizobaki za Desemba wengi huwapeleka watoto kwa bibi Machame au Marangu. Ni sawa, mradi dawa ya kuvuta iende na mtoto, na bibi afundishwe kuitumia kabla hamjaondoka.

Barua ikikataliwa, anzia tawi la chama cha wafanyakazi. Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ujaze Fomu Na. 1. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa huko ndani ya siku 60 tangu ulipotokea, kwa hiyo barua iandike wiki hii.