Maswali Yenu: Majengo ya Mbao ya Japani

Ni kweli Wajapani hujenga bila msumari hata mmoja?

Wakitaka, wanaweza. Jumba la GC Prostho huko Kasugai (2010), kazi ya msanifu majengo Kengo Kuma, lina kimia cha vijiti vya sentimita 6 kwa 6 vilivyoshikana bila msumari. Lakini si desturi ya kila siku. Duara Kuu, jengo la mbao la msanifu Sou Fujimoto kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka 2025, lenye mzunguko wa kilomita 2 hivi, lilisifiwa kwa ufundi wa kale wa nuki, yaani boriti kupenya kwenye tundu la nguzo. Ndani ya viungo hivyo mna vyuma. Mimi simlaumu, tetemeko haliheshimu mababu.

Na moto je?

Hapo ndipo penye kisa. Tokyo iliteketea 1923, ikateketea tena kwa mabomu 1945. Kufikia 1959 chama cha wasanifu majengo cha Japani chenyewe kilipitisha azimio la kupinga majengo ya mbao. Ndiyo, nchi ya mahekalu! Kwa miongo kadhaa majengo makubwa yakawa ya zege na chuma.

Leo, Yokohama kuna Port Plus (2022), ghorofa 11, mita 44, nguzo mpaka sakafu ni mbao. Mbao inayobeba uzito huzungushiwa jasi, kisha juu yake huvikwa mbao nyingine. Moto ukila ganda, kiini kinabaki kimesimama.

Hawatamaliza misitu?

Shida yao ni kinyume chake. Theluthi mbili ya nchi ni misitu, na karibu asilimia 40 ya misitu hiyo ilipandwa, hasa miti ya mbao iitwayo sugi na hinoki, baada ya vita. Mbao kutoka nchi za nje zikaingia kwa bei nafuu, miti ikazeeka bila mnunuzi, na kila masika chavua yake huwapa mamilioni ya watu mafua ya mzio. Sheria ya 2010 ikahimiza mbao katika majengo ya umma; 2021 ikapanuliwa hadi ya watu binafsi. Kwa hiyo anayedhani haya yote ni mapenzi ya mila tu, atazame soko kwanza.

Mchwa?

Wapo. Kanuni zinataka sehemu muhimu za mbao zikingwe hadi mita 1 kutoka ardhini.

Mbao za nje haziozi?

Zinaoza. Jumba la sanaa la Hiroshige huko Bato, la Kuma pia (2000), lilivikwa fito za sugi hadi paani. Mvua ilizila, na mji mdogo ukabaki na mzigo wa matengenezo. Kwa maoni yangu, fito za mbao juu ya paa katika nchi ya mvua nyingi ni urembo wa kupigia picha.

Nikienda, nianze na lipi?

Uwanja wa Taifa, Tokyo (2019). Simama nje, huhitaji tiketi, utazame chini ya vipaa vyake: mbao zake zimetoka mikoa yote 47.