Fereti jike kuingia joto Desemba: angalia taa zako

Dada, umesema fereti wako (yule mnyama mdogo mrefu wa kufugwa, wa jamii ya kicheche) unamfuga ndani huko Leeds, hajatolewa kizazi, na Desemba hii uke umemvimba. Huyo ameingia joto, yaani yuko tayari kupandwa na dume. Huku Uingereza kwa kawaida huanza Machi hivi, siku zinaporefuka, lakini mwili wake hausomi kalenda, unasoma mwanga. Wangu alikaa sebuleni, taa na televisheni mpaka saa sita usiku. Januari nikamkuta uke umetuna kama zabibu, umeloa. Nikahamishia kizimba chumba kinachoingia giza jua likizama.

Ila usitegemee giza pekee limtoe kwenye joto sasa. Fereti jike hatoi yai mpaka apandwe. Asipopandwa, joto laweza kuendelea miezi, na estrojeni, homoni ya kike, ikizidi inaharibu uboho wa mifupa unaotengeneza damu, anaishiwa damu. Mfunue mdomo: fizi zikiwa zimepauka, mkimbize leo hii kwa daktari wa mifugo. Zikiwa na rangi nzuri, mpeleke wiki hii hii akachomwe sindano ya homoni au awekewe kipandikizi cha homoni chini ya ngozi.

Mwenye jike aliyekwisha kutolewa kizazi akaona uvimbe huo, amuulize daktari kuhusu tezi za adrenali, zile ndogo karibu na figo zinazotoa homoni.